Namna ya Kukua Kila Mwaka Bila Kuongezeka

Sogea karibu, mwenzangu, haya si ya kusemea kwenye kipaza sauti. Umeambiwa uongozi ni mzigo, malengo yanataka nidhamu, na mtu asiyejifunza kila siku anachacha. Waliokuambia hivyo wanauza tiketi za semina. Mimi ni mwenyekiti wa kikoba mwaka wa tisa sasa, nimeongoza kamati nne za harusi (ndoa tatu bado zipo), na kazini naitwa "mkuu" ingawa kitengo changu kina watu wawili, mmoja wao mimi. Muda wote huo sijashindwa jambo hata moja, kwa sababu sijaahidi jambo ambalo mtu angeweza kuja kuliulizia. Nitakupitisha njia niliyopita. Usiruke hatua, hasa ya tano, ambayo ina chakula.

1. Chukua cheo, daftari waachie wengine

Anza na kikundi kidogo. Kikoba kinatosha kabisa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vyetu daraja la nne, watu kuanzia 10 mpaka 50, kwa hiyo uwanja upo, na wapigakura ni walewale mnaokaa nao mkekani. Nafasi ziko nyingi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wahesabu fedha, washika funguo watatu wa lile sanduku la kufuli tatu. Hapa ndipo watu wengi wenye vipaji huharibu maisha yao. Mweka hazina analala na sanduku uvunguni, na paka akiangusha sufuria usiku anaamka na panga. Katibu anaandika. Mhesabu fedha anahesabu, tena mbele za watu. Mshika ufunguo akisafiri anafuatwa hadi stendi. Mwenyekiti peke yake ndiye hana anachoshika. Anafungua kikao, anafunga kikao, na katikati anatikisa kichwa.

Siku ya uchaguzi usijipendekeze. Kaa pembeni, lakini pembeni panapoonekana. Wakianza kubishana, waache wachoke, kisha sema polepole, "Mimi naona wote mna hoja." Sijawahi kuona mtu aliyesema hivyo akanyimwa kura. Jina lako likitajwa, kataa. Litajwe mara ya pili, kataa tena ukitazama chini, useme wapo wenzako wanaofaa zaidi. Usiwataje. Mara ya tatu kubali, kwa pumzi ndefu, kama mtu aliyeombwa kushika jeneza. Mara ya tatu usikatae. Namjua mzee mmoja aliyekataa mara tatu, wakamwelewa.

2. Weka malengo yasiyokamatika

Mwaka 1981 Mmarekani mmoja, George Doran, aliandika makala fupi kwenye jarida la mameneja. Akasema lengo zuri liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu wa kulibeba, liwezekane, na liwe na muda wake. Tangu siku hiyo hakuna semina iliyopona. Lakini mtazame vizuri uone hatari yake: mtu wa kulibeba! Na muda! Walionakili baada yake walikuwa na akili zaidi; yule mtu wa kulibeba wengi wao walimshusha njiani, wakaweka "lifikike". Nawaheshimu sana watu wale.

Ukibanwa uandike lengo, chagua kitenzi kwanza, kazi baadaye. Vitenzi vya hatari ni kununua, kujenga, kumaliza, kulipa. Hivi vina mwisho, na kwenye mwisho huwa kuna mtu amesimama na kalamu nyekundu. Vitenzi vya amani ni kuimarisha, kuboresha, kuhamasisha, kuwajengea uwezo. Na ukitaka usingizi kamili, tanguliza "kuendelea". "Kuendelea kuimarisha mshikamano wa wanakikundi." Nani atakuja Desemba kukuambia hukuendelea?

Wakidai tarakimu, wape tarakimu ya kitu ambacho kingetokea hata ungelala. Kikoba kinakutana kila wiki; andika lengo la vikao 52. Mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, alionya mwaka 1975, kwa lugha nzito kuliko hii, kwamba takwimu ukianza kuitumia kama usukani inaacha kukuonyesha njia. Watu wakafupisha: kipimo kikigeuka shabaha, hakipimi tena. Yeye alikuwa anazungumzia sera ya fedha na alidhani ametoa onyo. Alikuwa ametuchorea ramani.

Ndugu zangu watumishi wa umma walikuwa na neema yao, OPRAS, iliyoanza mwaka 2004 kuchukua nafasi ya zile tathmini za siri. Ilitaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo Julai, wayapitie katikati ya mwaka, na wapimane Juni. Wenye busara waliijaza fomu nzima Juni, kwa kalamu mbili za wino tofauti. Lengo likiandikwa baada ya kazi halikosei shabaha. Siku hizi kuna PEPMIS, ya kwenye kompyuta, na kompyuta ina tabia mbaya ya kukumbuka tarehe. Nawaombea.

Malengo yako binafsi yaweke kwenye daftari zuri, la jalada gumu na utepe wa kualamishia. Langu nililifungua mwaka 2015. Lengo namba moja: kujifunza Kifaransa. Lipo pia 2016, lipo 2017, lipo kila mwaka uliofuata, na mwandiko unazidi kupendeza. Mwaka 2020 nililiboresha likawa "kuendelea kujifunza Kifaransa", nikajisikia mtu aliyepiga hatua. Bonjour.

3. Tazama mbali sana

Maono na malengo yanatofautiana kwa umbali tu. Taifa lilipotazama mbali lilitaja 2025. Mwaka wenyewe ulipofika, likazindua Dira ya 2050. Lakini hilo ni taifa, lazima liwepo siku hiyo lijibu. Wewe hulazimiki. Chukua mwaka wako wa kustaafu, ongeza mitano, andika kwa herufi kubwa, bandika ukutani.

4. Kiendeshe kikao kabla hakijakuendesha

Chelewa dakika arobaini. Ukichelewa chini ya hapo utaonekana huna shughuli. Ukizidisha, watachagua mwenyekiti wa muda, na mwenyekiti wa muda ni mtu wa kuogopwa kuliko mwizi. Ingia na simu mbili, moja ikiwa sikioni. Sema, "Samahani, nimetoka kikao kingine." Hata kama umetoka kinyozi, kinyozi nako watu hujadiliana. Kisha kaa, vuta pumzi, uliza, "Tuko wapi?" Swali hilo litawalazimisha kuanza upya, na kikao kitakuwa kimeanza ulipofika wewe.

Adui yako wa kudumu ni ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita. Humo ndimo zinamotunzwa ahadi zako. Usipambane nayo, ivushe. Sema muhtasari haujachapwa, tutaupitia kikao kijacho. Kuna muhtasari mmoja niliuvusha kutoka Machi mpaka Oktoba kwa njia hiyo, na ulipokuja kusomwa, aliyekuwa anauulizia sana alishahama mtaa.

Kwa yanayobaki, mwalimu wetu ni C. Northcote Parkinson, Mwingereza aliyejua kucheka na makaratasi ya ofisi. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 aliitunga kamati moja ya fedha. Mtambo wa nyuklia wa pauni milioni 10 ukapitishwa kwa dakika mbili na nusu, kwa kuwa karibu wajumbe wote hawakuuelewa. Banda la baiskeli la pauni 350 likala dakika 45, kwa kuwa kila mjumbe amewahi kuona banda. Parkinson alikuwa na macho, ila hakubahatika kukaa kwenye kamati ya harusi ya Dar es Salaam. Sisi tulipitisha ukumbi, chakula na vinywaji huku watu wakimenya karanga. Vitambaa vya viti vikatuchukua Jumapili tatu. Shangazi wa upande wa bwana harusi alitaka rangi ya maziwa, mama mdogo wa bibi harusi akasema hiyo ni rangi ya msiba kwao, na mpaka leo hao wawili wakikutana sokoni mmoja hugeukia nyanya.

Ukishaelewa hilo, kila kikao kigumu kiandalie banda lake mapema. Jioni moja wajumbe wa kamati hiyo walipotaka kujua michango ya ahadi imefikia ngapi na kilichopokelewa kiko wapi, sikuwakatalia. Kiongozi hakatai swali. Nilisimama, nikafunga kitufe cha koti, nikasema, "Jambo zuri sana hilo. Ila kabla hatujafika huko, ndugu wajumbe, hivi kadi tunasema ziwe za dhahabu au za kahawia?" Tulifunga saa nne usiku. Na ikitokea hata banda limeshindwa, unda kamati ndogo. Iwe na watu watano wasiopendana, na iripoti kwako.

5. Kua hotelini

Kukua kwa kudumu hufanyika hotelini, baina ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Saini fomu ya posho kwanza, daftari la mahudhurio baadaye. Kuna siku utanishukuru kwa mpangilio huo. Kaa mstari wa pili. Mstari wa kwanza huulizwa maswali na wa tatu hauingii kwenye picha. Ukiona kamera inakuja, inamia daftari uandike chochote. Mimi huandika orodha ya vitu vya dukani, na katika picha zote nina uso wa mtu aliyeguswa.

Mkufunzi atawasimulia habari za tai. Atasema tai huishi miaka 70, lakini akifika 40 hupanda mlimani, huupiga mdomo wake kwenye mwamba mpaka ung'oke, hunyofoa kucha na manyoya, kisha hukaa miezi akisubiri viote upya, ndipo huruka tena kama kijana. Nimekisikia kisa hiki mara kumi na moja, na mara zote nimekiandika. Sasa, baina yangu na wewe: tai asiye na mdomo hawezi kula, na asiyekula hasubiri miezi. Tena tai wa porini akifika miaka 30 huyo ni mzee wa kuamkiwa. Usinyooshe mkono useme hivyo. Kijana mmoja aliyesomea mambo ya wanyamapori alinyoosha, na soda zilipogawiwa zikaishia kwa jirani yake.

Kariri pia ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953, kwamba asilimia 3 ya wahitimu walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuwazidi wenzao asilimia 97 kwa ujumla wao. Utafiti huo haukufanyika. Wapo walioufuata hadi Yale kwenyewe wakajibiwa haupo. Usitishike, hiyo ndiyo nguvu yake, maana nani atakupinga kwa takwimu zipi? Ila huwa napata uchungu kidogo nikiutafakari usiku: wale asilimia 3 hawakuwepo, na bado wametupita kwa mali.

Ukirudi, tundika cheti. Kama ni cha ushiriki, kitundike juu zaidi, maandishi yasisomeke. Na wakikuuliza udhaifu wako ni upi, sema unajituma kupita kiasi. Ni jibu la zamani, limechakaa, na bado hakuna aliyecheka.

6. Mtaje Mwalimu, usimwige

Kila ofisi iwe na picha ya Mwalimu Nyerere, na kila hotuba iwe na "cheo ni dhamana". Hayo hayana gharama. Lakini maisha yake yasome kama unavyosoma kibandiko cha chupa ya sumu ya panya, ili ujue cha kutogusa.

Januari 1962, wiki sita hivi baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama chake, TANU. Wiki sita! Mimi wiki sita baada ya kuchaguliwa nilikuwa bado napokea pongezi. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Akawafukuza, sawa, hapo tuko pamoja, lakini papo hapo akajikata na yeye mshahara kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ukitoa hivyo vitatu, waulize watu wa mtaani kwetu uongozi una nini kinachobaki. Mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, na ibara ya 15 ikamwekea kiongozi mwiko wa kiburi, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi, kwa kukosa uzoefu, wakayachukua maneno kama yalivyoandikwa, wakaanza kugoma na kuwafungia mameneja nje ya viwanda. Ndiyo sababu mwongozo wangu huu unakomea hatua ya saba. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipoyalegeza masharti yale, viongozi wakapumua.

Na kama hayo hayakukutisha, kuna hili. Huku akiwa na nchi nzima mabegani, mtu huyo alikaa akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akarudi akairekebisha, ikatoka tena mwaka 1969 pamoja na Mabepari wa Venisi. Hakuna aliyemtuma, hakuna cheti. Mimi nina kitengo cha watu wawili na Kifaransa bado kinanisubiri. Sisemi zaidi.

7. Mpate mtu wa kufanya kazi

Nimeichelewesha hii kwa makusudi. Kila kiongozi anayekua ana mtu chini yake ambaye haonekani, na huyo ndiye wa kumtafuta mapema kuliko hata suti.

Wetu ni dada katibu. Anauza chapati asubuhi, na miaka yote tisa daftari la kikoba liko kwake: hisa, mfuko wa jamii, marejesho, faini. Anajua bila kufungua ukurasa nani anadaiwa na nani amefiwa. Ukitaka kumtunza mtu wa namna hii, msifu kila mara, lakini msifu kwa wingi: "Niwashukuru wenzangu wote kwa ushirikiano." Usimtaje jina. Jina likishatajwa mbele za watu huanza kutembea peke yake.

Anayo makosa yake. Hakuna aliyemfundisha hatua ya pili, kwa hiyo aliwahi kuniambia, macho makavu, kwamba anataka kununua mashine ya kukamua miwa ifikapo Juni. Kununua! Na mwezi juu! Nikamwonea huruma. Aliinunua Mei. Sasa lengo limekwisha, hana cha kunakili mwakani, ikabidi atafute jingine. Jioni akaanza darasa la kompyuta. Cheti hakupata kwa sababu ada ya mwisho alimlipia mwanawe shule, lakini mahesabu yetu siku hizi yako pia kwenye simu yake, na akikosea mtu shilingi mia inawaka nyekundu.

Jumamosi moja alifiwa na mama yake, akasafiri. Daftari akaliacha kwangu. Watu ishirini na nane mkekani, sanduku katikati, kufuli tatu zimefunguliwa, kila mmoja na hela yake mkononi, na wote wananitazama. Nikafungua daftari. Safu saba. Nilizitambua mbili. Kwa miaka tisa nilikuwa nikilitikisia kichwa lile daftari kutoka upande wa pili, na kumbe nilikuwa nalitazama juu chini. Kimya kikawa kirefu. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa upole, "Mwenyekiti, anza na jina langu tu, mwanangu, niko herufi A."

Sikuanza. Kiongozi mwenye uzoefu hapotezi kichwa. Niliinuka, nikaomba tusimame dakika moja kumkumbuka marehemu, nikaahirisha kikao kwa heshima ya mfiwa, nikaelekeza faini zisamehewe. Walinishangilia. Usiku sikulala vizuri, lakini nadhani ilikuwa joto.

Sasa kuna minong'ono kwamba dada katibu apewe uenyekiti. Usidhani nimefadhaika. Mwaka 1969 Laurence Peter na Raymond Hull waliandika kwamba mtu kazini hupanda mpaka ngazi asiyoiweza, kisha hukaa hapo. Walichosahau ni kwamba juu ya ngazi hiyo kuna nyingine isiyo na kazi kabisa, na sisi tunaiita mlezi. Mlezi hafungui kikao wala hafungi. Hana daftari, hana ufunguo, hachelewi kwa sababu hatarajiwi kuwahi. Akija hupewa kiti chenye mto na soda ya kwanza, na wasemaji wote huanza na jina lake.

Uchaguzi ni Jumamosi hii, saa kumi alasiri, chini ya mwembe wa bibi wa herufi A. Nikupe kazi ndogo, maana umefika mpaka hapa. Likitajwa suala la mlezi, nyoosha mkono unipendekeze. Nitakataa. Nipendekeze tena, nitakataa nikitazama chini. Ya tatu, tafadhali, usichelewe.